Naishi kwa watu wema, lakini nashinda chumbani na njaa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 20, niko nje ya nchi kwa masomo ya mwaka mmoja. Chuo hakikutupa hosteli. Kilitupangia familia za kuishi nazo, na mimi nikaangukia kwa baba, mama, watoto wawili na bibi mzaa mama. Sasa nimeingia mwezi wa tatu. Kabla sijasema lolote niseme hili: hawa watu si wabaya. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenigusa, na chumba nina cha peke yangu. Ndiyo maana naona hata aibu kukuandikia.

Shida ni kwamba nimechoka kuwa mgeni. Natembea kwenye nyumba yao kama abiria aliyepanda bila tiketi. Nikisikia sauti jikoni, nasubiri watoke ndipo nishuke kuchukua maji. Nikitaka kwenda chooni usiku, naufungua mlango kidogo kidogo usilie.

Nianze na chakula. Siku ya kwanza mama wa hapa aliniuliza kama aniongeze. Nikasema hapana, asante, maana nimelelewa kutoonyesha tamaa kwenye nyumba ya watu. Mwenye nyumba atakubembeleza mara ya pili na ya tatu, ndipo unapokea. Shangazi, hakubembeleza. Alichukua bakuli akalifunika. Mpaka leo ananiuliza mara moja tu, nasema hapana, bakuli linafunikwa, na mimi napanda kulala na njaa. Chini ya kitanda nimeficha biskuti. Nakula gizani huku nimeuma shuka ili zisitoe mlio.

Kuhusu friji waliniambia, "Chukua chochote unachotaka." Nikachukua kikopo kimoja cha mtindi. Jioni baba akauliza mezani ni nani amekula mtindi wake wa kubeba kazini. Hakufoka, aliuliza tu, lakini watoto wote wawili walinigeukia kwa pamoja. Tangu siku hiyo sijaligusa friji lao.

Halafu bafu. Asubuhi moja nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni: "Tafadhali, kuoga kusizidi dakika 10. Asante!" na pembeni kimechorwa kisura kinachotabasamu. Mtu aliyeongezeka kwenye nyumba hii ni mimi peke yangu, kwa hiyo karatasi ni yangu. Kwa nini asiniambie kwa mdomo? Nililia sana. Nikaanza kuoga usiku wakishalala, na juzi nimeambiwa maji yanamwamsha bibi.

Nimejaribu kujitolea. Nikishika sahani niioshe, mama anasema, "Acha, acha, wewe una masomo," ananinyang'anya kwa upole. Ile methali ya mgeni siku mbili naijua, lakini hapa jembe lenyewe hawanipi.

Lugha nayo ni mtihani. Darasani namwelewa mwalimu vizuri, na alama zangu si mbaya. Mezani siambulii kitu. Wanaongea wote kwa mpigo, wanakatizana, wanacheka, na mimi nacheka nikiwa nimechelewa kidogo. Wakinigeukia nasema ndiyo. Wiki iliyopita nilisema ndiyo wakanyamaza wote. Kumbe waliniuliza leo nimesoma somo gani.

Mama yangu mzazi hunipigia simu kila jioni, saa ambayo huku ndiyo ya kula. Kwa hiyo nakula haraka haraka, naomba ruhusa, napanda chumbani, nafunga mlango, tunaongea mpaka nasinzia. Hiyo ndiyo raha yangu ya siku nzima.

Juzi mama wa hapa aligonga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza, "Una furaha hapa kwetu?" Nikajibu, "Sana." Akanitazama, akasema sawa, akatoka. Baadaye nikasikia jina langu likitajwa jikoni. Sikuelewa mengine.

Nimeshaandika barua pepe kwa mratibu wa programu kuomba kuhamishwa. Iko kwenye rasimu. Wenzangu watatu tunaotoka nchi moja wamepanga nyumba na wana nafasi. Huko tunaongea lugha yetu na kucheka mpaka usiku. Niitume?

Mgeni wa Kudumu


Marahaba, mwanangu.

Usiitume bado. Nitakuambia na lini uitume, lakini kwanza njoo usimame na mimi jikoni kwao, uitazame nyumba kutokea upande huo.

Familia imefungua mlango kwa binti wasiyemjua. Binti amefika. Anakula upesi, akiulizwa kama aongezwe anakataa kila siku, anaomba ruhusa, anapanda na simu, mlango unafungwa. Kucheka kwake kunasikika, lakini anacheka na watu wengine. Friji haligusi. Anaoga watu wakiwa wamelala. Mama wa nyumba akajikaza akapanda kumuuliza kama ana furaha, naye akajibiwa neno moja. Wewe ungekuwa huyo mama, ungesema binti ana heshima? Ungesema, "Huyu hapendi kukaa nasi, anahesabu siku aondoke." Nadhani hilo ndilo lililokuwa likisemwa jikoni.

Adabu uliyokwenda nayo sina ugomvi nayo, na usiitupe. Ila adabu ya kukataa kwanza inahitaji watu wawili: mmoja wa kukataa na mwingine anayejua kwamba zamu yake ni kubembeleza. Huyo wa pili hayupo kwenye hiyo meza. Mama wa hapo amelelewa kwamba mtu mzima akisema hapana, kumshikilia ni kumkosea. Kwa hiyo kila usiku wewe unamheshimu yeye, yeye anakuheshimu wewe, na anayelala na njaa ni wewe.

Mtaalamu mmoja wa anthropolojia, Kalervo Oberg, aliandika mwaka 1960 kuhusu msukosuko unaompata mtu kwenye utamaduni mgeni. Alisema unatokana na kupotelewa na zile ishara ndogo ndogo ambazo nyumbani mtu anazifuata bila kufikiri: wakati wa kupeana mikono, wakati wa kukubali mwaliko na wakati wa kuukataa, maneno ya kuyatilia maanani na ya kuyapuuza. Soma tena barua yako. Bakuli, friji, karatasi ya mlangoni, vyote ni vya aina hiyo. Hakuna hata kimoja kinachoonyesha kwamba watu hao hawakupendi.

Basi tuanze na tumbo, maana mwenye njaa hajengi uhusiano na mtu. Leo hii, bakuli likija, sema, "Ndiyo, tafadhali, nitaongeza kidogo." Ukiona midomo haifunguki, mtangulie mama kabla ya kula: mwambie kwamba ulilelewa kukataa mara ya kwanza, umegundua kwamba kwao hapana ni hapana, na kwa hiyo hapana zako zote tangu ufike zilikuwa za uongo. Msimulie kwa kucheka. Nakuhakikishia hiyo itakuwa stori ya meza wiki nzima, na huenda kila mtu naye akatoa ya kwake. Kisha fungua makubaliano ya programu uliyotia saini, usome yanasemaje kuhusu chakula: ni milo mingapi kwa siku, wikiendi ikoje, vitafunio ni juu ya nani. Familia nyingine hulipwa kupokea mwanafunzi, nyingine hujitolea bure. Ujue yako ni ipi, si kwa ajili ya kudai, bali usije ukajiona ombaomba kwa mlo ambao umeshalipiwa, wala usije ukadai kama mpangaji kwa mtu anayekulisha kutoka mfukoni mwake.

Friji lina kosa lake, na kosa si lako. "Chukua chochote" ni maneno ya ukarimu, hayajawahi kuwa orodha. Kila nyumba ina vitu ambavyo vina mwenyewe ingawa havijaandikwa jina, na wenye nyumba wanavijua kwa mazoea tu. Waombe wakuonyeshe vya mtu na vya wote, kisha uombe sehemu ndogo ya rafu iwe yako. Biskuti zitoke chini ya kitanda zikae hapo. Na kama bado hujamlipa baba mtindi wake, mnunulie, muwekee, umwambie ni wewe. Alichouliza ni nani. Hajapata jibu mpaka leo, na watoto walikwisha kulijua.

Karatasi ya bafuni ndiyo iliyokuumiza kuliko vyote, na hapo niko upande wa mama. Kwenye nyumba ambayo mmoja anaondoka alfajiri na mwingine anarudi usiku, karatasi ndiyo sauti. Huenda pia aliandika kwa kukufikiria: maneno ya mdomo yanakupita mbio, maandishi unayasoma taratibu na kamusi mkononi. Na dakika 10 huenda zina hesabu nyuma yake. Mahali maji ya moto yanapotoka kwenye tangi, tangi hupasha kiasi maalumu. Yakiisha, anayefuata anaoga baridi, na kulipasha tena kunachukua muda na umeme au gesi. Weka watu sita asubuhi moja, wengine wa shule, utaona kwa nini mtu anabandika karatasi. Kile kisura kinachotabasamu sikitolei kiapo, maana wapo wanaokichora huku wamekunja uso. Lakini kuanza kuoga saa ambazo bibi amelala ili usionekane bafuni ndiko kulikozaa lalamiko la kweli. Muulize mama saa ipi bafu haina mtu, uichukue iwe yako.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ulifanye wikiendi hii, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapolikosea. Omba kikao. Nusu saa, mezani, na daftari. Programu nyingi humpa mwanafunzi fomu ya kujaza na familia siku za mwanzo. Kama yenu ilikuwepo na ilijazwa mbio mbio siku ya kufika, ukiwa na usingizi wa safari, irudieni.

Lakini usiwaulize, "Sheria za nyumba ni zipi?" Watakujibu kwamba hawana sheria, jisikie uko nyumbani. Na hawasemi uongo. Kanuni za nyumba mwenye nyumba hazioni mpaka mtu azivunje, maana amekua nazo. Uliza saa na vitu. Kuanzia saa ngapi tunapunguza sauti? Nguo zangu nifue siku gani, na mashine nijaze kiasi gani ndipo niiwashe? Nikichelewa kurudi, nitume meseji kufikia saa ngapi ili msiniwekee chakula bure? Rafiki akija, afikie sebuleni au anaweza kupanda chumbani? Hita ya chumba niizime nikitoka? Mlango wa chumba ukiwa umefungwa mchana, mnauonaje? Hilo la mwisho usiliruke. Zipo nyumba ambazo mlango uliofungwa ni jambo la kawaida kabisa, na zipo ambazo maana yake ni kwamba umekasirika.

Na wewe una yako ya kusema kwenye kikao hicho; si wao tu wenye nyumba yao. Waambie unachokula na usichokula, ibada zako kama unazo, kama huwa unakaa kimya ukiwa umechoka, kama kuambiwa kwa mdomo kunakufaa zaidi kuliko karatasi. Mama akijua kwamba ile karatasi ilikuliza, siku nyingine atagonga mlango.

Kazi za nyumbani. Umeuliza mara nyingi, na kuuliza ndiko kunakokuponza. Ukisema "nikusaidie?", mtu mwenye upole hawezi kujibu ila hapana. Chagua kazi moja ndogo inayorudi kila wiki na ambayo haina mtu anayeing'ang'ania: kutoa taka siku ya gari la taka, kupanga meza kabla ya chakula cha jioni, kuanua nguo. Tangaza tu, "Kuanzia wiki hii taka ni zangu." Usimnyang'anye mama masufuria yake, wapo wanaopumzika kwa kuosha vyombo, na jikoni kwa mtu ni eneo nyeti dunia nzima. Lakini kazi hiyo ibaki ndogo. Ikianza kukua ikawa kulea watoto kila jioni ili wazazi watoke, hayo hamkukubaliana, na nitalirudia chini.

Kuhusu lugha, nikuambie kitu ambacho hukiwaza. Watu wengi huamini kwamba kukaa tu na familia kunamfundisha mtu kuongea. Mwaka 1998 William Rivers alichapisha uchunguzi wa wanafunzi Wamarekani waliokwenda kusoma Urusi, na waliokaa kwenye familia hawakuwazidi wenzao wa mabweni katika kuzungumza. Kuta za nyumba hazifundishi lugha, mwanangu. Kinachofundisha ni mazungumzo, na wewe unayakimbia kabla sahani hazijatolewa.

Meza ya watu sita ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za kuanzia, ngumu kuliko darasa. Mwalimu anapanga maneno, anamaliza sentensi, haongei na chakula mdomoni. Kwa hiyo usianzie mezani. Anza na bibi. Wazee wengi wana muda, wanaongea polepole, wanarudia hadithi ileile, na kurudia huko ndiko unakokuhitaji. Mwombe radhi kwa maji ya usiku, kisha kaa naye. Halafu mtoto mdogo: keti naye kwenye kazi zake za shule, au mwombe akusomee kitabu chake. Mtoto hukusahihisha pale pale bila kukuonea huruma, anaendelea, wala hamsimulii mtu. Ukirudi mezani keti karibu na mmoja kati ya hao wawili, na uje na kisa kimoja ulichokiandaa cha siku yako, sentensi nne au tano, ili uwe na chako cha kutoa badala ya kungojea swali.

Ile "ndiyo" ya kuokolea jahazi iache kabisa. Leo wamekuuliza somo. Kesho watakuambia wanasafiri, jiko lina hitilafu usiliwashe, na ufunguo wa akiba wamemwachia jirani, nawe utaitikia ndiyo. Jifunze sentensi mbili uzijue mpaka ndotoni: "Sijaelewa, rudia polepole," na "Unamaanisha hivi?" Zitakuchosha wiki ya kwanza.

Nije kwa mama yako, na nitasema kwa heshima kwa sababu mimi pia ni mzazi. Simu ya kila jioni katikati ya chakula inakutoa kwenye nyumba unayoishi. Sisemi uikate. Mweleze mama kwamba saa hiyo ndiyo saa pekee familia nzima iko pamoja, mtafute saa nyingine, hata kama ni kabla ya kwenda darasani, na mpunguze iwe siku chache kwa wiki lakini za kutulia. Atanuna mwanzoni. Kisha fanya hivi: siku moja mpigie kwa video ukiwa sebuleni, umwite mama wa hapo, waonane, na wewe ukae katikati uwatafsirie. Dakika tano zinatosha. Hapo wewe ndiye utakuwa mwenyeji, wao wageni wa lugha yako, na mama yako ataiona sura ya mtu anayemlea mwanawe. Wazazi wengi hupiga kila siku kwa sababu hawana picha kichwani ya mahali mtoto alipo.

Umesema mwezi wa tatu kwa sauti ya mtu anayeona amechelewa. Watafiti wenyewe hawajaafikiana kuhusu ratiba ya kuzoea. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alichapisha uchunguzi wa Wanorwe zaidi ya 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali ngumu kuliko waliokaa pungufu ya hapo au zaidi. Kutoka kwake ndiyo ikaenea ile habari ya fungate kwanza, kisha bonde, kisha kupanda. Lakini Colleen Ward na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa Kijapani huko New Zealand, wakachapisha mwaka 1998 kwamba ugumu mkubwa ulikuwa mwanzoni kabisa, ukapungua kadiri siku zilivyokwenda. Huna fungate uliyoikosa. Wapo walioanza vibaya kama wewe, na mwezi wa tatu si mwisho wa chochote.

Wenzako wa ile nyumba ya kupanga sina neno nao. Watembelee, lala huko Jumamosi ukiaga vizuri, cheka mpaka mbavu zikuume. Mtu anahitaji mahali ambapo hatafuti maneno. Kuhamia ni jambo jingine. Kabla hujaliwaza uliza mambo matatu ya kikavu: kodi na dhamana ni juu ya nani, programu inaruhusu kutoka kwenye familia bila kupoteza malipo, na visa au kibali chako kinataka utoe taarifa ya kubadili anwani kwa nani na kwa muda gani. Nchi nyingi huwataka wanafunzi wa kigeni watoe taarifa hiyo, na kuna waliopata usumbufu kwa kuisahau tu.

Yapo mambo ambayo yakitokea, haya yote niliyosema ya kikao na bibi na mtindi yatupilie mbali, umpigie mratibu siku hiyohiyo. Mtu akishikilia pasipoti yako "akutunzie", hiyo hapana. Shirika la Kazi Duniani limeweka kushikiliwa kwa hati za mtu miongoni mwa dalili za kazi ya kulazimishwa. Vilevile ukigeuzwa yaya au mfanyakazi wa ndani pasipo makubaliano, ukinyimwa chakula kilichomo kwenye mkataba, ukidaiwa pesa nje ya mkataba, ukitukanwa kwa rangi au dini yako, mtu akiingia chumbani mwako unapobadili nguo, au akikugusa. Kwa hilo la mwisho usisubiri hata mratibu: ondoka, nenda kwa mtu unayemwamini, piga namba ya dharura ya nchi hiyo. Andika tarehe na kilichotokea. Pasipoti ikae kwako, na nakala yake iwe kwenye barua pepe yako. Kwa ulivyoniandikia, hakuna hata moja kati ya hayo kwenye nyumba hiyo, na nashukuru ulianza kwa kuniambia hivyo, maana ndilo jambo la kwanza ningelitafuta.

Mtu wa kwanza kuambiwa ukweli awe mama wa nyumba, si mratibu. Mrudie kwa lile swali lake la ukingoni mwa kitanda. Mwambie, "Uliniuliza kama nina furaha, nikakujibu kwa adabu. Ukweli ni kwamba nawapenda ila najihisi mgeni, na naogopa kuwasumbua." Kama maneno hayatoki, andika kwenye karatasi umpe mkononi, yeye mwenyewe amekuonyesha kwamba karatasi anazipenda. Kisha ndipo umwandikie mratibu barua nyingine, fupi, si ya kuhama: kwamba umepata ugumu wa kuzoea, umezungumza na familia, na ungependa aje mkae naye wote. Hiyo ni sehemu ya kazi yake, na taarifa hiyo itakusaidia ikiwa mambo yatakwama.

Ile ya kuhama usiifute. Iache kwenye rasimu mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kama utakuwa umekaa nao kikao, umekubali bakuli, umeshika kazi yako, simu imehamia saa nyingine, na bado unasubiri watoke jikoni ndipo ushuke kunywa maji, basi nyumba hiyo haikufai, hata kama ni ya watu wema. Itume, na usiniandikie kwanza kuomba ruhusa.